Wavu Nilioukata

Kaka yangu Innasi alikuwa na nyavu nne na chelezo kimoja, na katika kijiji chetu cha Arulthurai hiyo ilitosha kumfanya mtu wa kutajwa.

Chelezo chetu si mashua. Ni magogo manne ya mti mwepesi, yamechongwa yakalingana, yakafungwa pamoja kwa kamba mbele na nyuma. Hakina ubavu wala tumbo. Maji yanakuja, yanakuosha miguu, yanapita zake. Ukirudi pwani unakifungua na kuyaanika magogo juani kama mtu anavyoanika godoro, kesho unakifunga upya. Mgeni akituona kwa mbali hudhani watu wawili wamesimama juu ya bahari.

Nyavu zilikuwa kazi ya mkewe, Kurusammal. Alizisuka mwenyewe kizingitini mwa nyumba, miguu ameinyoosha mbele. Wavu wa sadini, matundu yake hayapitishi hata kidole cha mwisho. Wa vibua, vidole viwili. Jarife la nguru na papa, kiganja kizima kinapita. Na mmoja mzito wa kulaza chini kwenye mawe, wa kambakochi. Kila alfajiri Innasi alishuka hadi majini, akachota kidogo kwa mkono, akatazama rangi yake na ndege wanakoelekea, ndipo akamwambia mkewe, "Leo nipe wa vidole viwili." Hakukosea mara nyingi.

Mimi ni mdogo wake, Yagappan, amenizidi miaka tisa. Baba yetu alikufa nikiwa bado siwezi kubeba kasia, kwa hiyo niliyoyajua ya bahari yalitoka kwa Innasi. Nilianza kama watoto wote wa kwetu, kwa kuvuta kokoro la kijiji. Mashua ya mbao inaondoka na upande mmoja wa wavu, inazunguka nusu duara, inarudi, na kamba mbili zinabaki mikononi mwa watu pwani, ishirini huku na ishirini kule, wanaume, wanawake, vikongwe, hata mwalimu wa dini akikosa kazi. Nilipofika miaka kumi na sita Innasi alinipandisha kwenye chelezo. Miaka sita tulivua pamoja, mgongo kwa mgongo.

Kisha nikachoka. Sina neno jingine. Nilichoka kulowa, nilichoka kupiga kasia. Bandarini, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka kwetu, kulikuwa na boti za injini zinazokokota wavu chini ya bahari. Vijana wa huko walirudi na viatu miguuni. Nikapata nafasi kwenye boti moja ya kijani, Jeyarani.

Nilimwambia Innasi akiwa anafungua magogo. Alikuwapo pia Lasar, rafiki yake wa utotoni, ambaye ndiye angechukua nafasi yangu.

"Unaenda kukaa mle ndani ya sanduku?" Innasi akauliza.

"Lina paa, kaka."

"Paa. Sasa mtu baharini anataka paa. Kesho utataka na mto wa kulalia."

Lasar akacheka. "Mwache aende. Huko wanavua kwa injini. Atarudi na mikono laini kama ya padri, tumpe mtoto ambatize."

Innasi naye alicheka, lakini aliendelea kuzungusha kamba mkononi. Mwishowe akasema, "Yagappan, ule wavu wenu mnaukokota kwenye sakafu ya bahari kama mtu anayefagia. Mwenye kufagia hachagui. Mimi sikukatazi. Ila msije huku ndani ya kina cha pima ishirini. Huku ndiko tunakotandaza."

"Nahodha wetu anajua, kaka. Kuna sheria."

"Kujua wanajua," akasema.

Hayo yalikuwa mwezi wa Machi. Mwezi wa Oktoba mvua za rasharasha zilianza, na kambamiti wakasogea kwenye tope la maji mafupi, huko huko tulikokatazwa. Nahodha wetu Thasnevis hakuwa mtu mbaya. Alizaliwa kijiji cha jirani, naye alikulia kwenye magogo kama mimi. Hata nyayo zake zilikuwa pana kama zetu. Lakini kambamiti walipokuwa ndani, boti zote ziliingia ndani, na nahodha aliyebaki nje alionekana mjinga.

Asubuhi moja jua lilikwisha kutoka ila hatukuliona. Mvua ilikuwa nyembamba, nyeupe kama maji ya wali, na mtu haoni hatua arobaini. Tulikuwa watano. Nilitupa timazi, nikavuta, nikahesabu.

"Pima kumi na mbili, nahodha. Huku si kwetu."

"Kambamiti nao wameambiwa?" Thasnevis akajibu, na Soosai mpishi akacheka hadi akamwaga kahawa.

Tulikuwa tunakokota pole pole. Ghafla injini ikakohoa, ikanguruma kama iliyokabwa, ikazimika. Boti ikayumba, ikatulia. Thasnevis akainama nyuma, akatazama majini.

"Pangaboi la injini limeshika kitu. Nani anaingia?"

"Mtu wa magogo," akasema Soosai. "Yeye kulowa ni kwao."

Nikafunga kamba kiunoni, nikauma kisu, nikashuka.

Chini ya boti palikuwa na mwanga wa kijani. Wavu ulikuwa umejizungusha kwenye lile pangaboi kama uzi kwenye kibao, umekaza hadi umekuwa mgumu kama mti. Nikaanza kukata. Ndani yake vibua walikuwa bado hai, wanametameta, wanahangaika usoni pangu. Nilipitisha vidole kwenye tundu la wavu bila kufikiri, kama ulivyo mkono wa mvuvi. Vidole viwili. Nikasema moyoni, wavu wa vibua, wa mtu yeyote. Wapo wengi. Kisha nikaifikia kamba ya juu, yenye maboya, na kwenye boya nikaona uzi mwekundu.

Kurusammal alikuwa akifunga uzi mwekundu kwenye kila boya la kumi, uzi wa pindo la sari yake iliyochakaa, ili Innasi aweze kuhesabu wavu wake mwanga ukiwa hafifu. Hapakuwa na mwanamke mwingine pwani yetu aliyefanya hivyo. Wenzake walimcheka kwamba anawavisha samaki.

Nikapanda juu kuvuta pumzi. "Nahodha, huu ni wavu wa kaka yangu."

Hakuna aliyecheka tena. "Una hakika?"

"Nimeuvuta miaka sita."

"Umekwisha kutoka?"

"Bado kidogo."

"Maliza."

Nikatazama huku na huku. Maji na mvua, basi. Injini ilikuwa imezimika, na kimya kilikuwa kikubwa. Nikasikia kitu. Kilikuwa chembamba, kinakuja na kukatika.

"Kuna mtu anaita," nikasema.

Wote wakasikiliza. Sitaki kumsingizia mtu: Thasnevis aliweka kiganja sikioni, akasikiliza kweli.

"Ni shakwe," akasema Soosai.

"Shakwe," akasema Thasnevis, ingawa alikawia. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Sikiliza, mdogo wangu. Wavu umekatika, wenyewe wako ng'ambo huko wanatutukana. Tukiwasubiri, wenzao watakuja vyelezo ishirini, na mapanga. Kaka yako nitampa wavu mpya, mimi mwenyewe, kwa mkono wangu. Maliza upande."

Nikarudi chini nikamaliza. Nilikata vizuri, kwa sababu Innasi alinifundisha kukata wavu uliokwama bila kuuharibu zaidi. Kile kipande chenye uzi mwekundu nilikiweka ndani ya shati. Nilijiambia nitampelekea mwenyewe, anitukane anavyotaka, yaishe. Nilijiambia ni wavu tu.

Injini ikawaka. Tukaondoka.

Tulifika bandarini saa sita mchana. Sikungoja chakula. Nilishika njia ya pwani kwenda Arulthurai, na njiani nikawa natunga maneno. Nitasema, kaka, hukukosea. Nitasema, mimi nimeacha kazi ile. Mara nikaona nikiacha kazi nitakuwa nimejidhalilisha mno, nikayafuta, nikatunga mengine.

Nilipoizunguka miamba nikaona kijiji. Wanawake walikuwa pwani, wamesimama. Wanawake wa kwetu wakingoja vyelezo hukaa, wanasuka, wanasengenya. Wakisimama, kuna jambo.

Lasar alikuwa ameketi mchangani, amefunikwa blanketi, midomo myeupe. Mbele yake palikuwa na magogo mawili. Mawili, si manne. Watu walimzunguka, naye alikuwa akisimulia, nadhani kwa mara ya tatu au ya nne, kwa sababu sauti yake ilikuwa imekauka.

"Tulishatandaza," alisema. "Mwisho wa wavu tumefunga kwenye chelezo, kama siku zote. Tumekaa, tunakunywa uji. Tukasikia injini. Innasi akasimama akapiga kelele, akapunga shuka. Hawakutuona, mvua. Wakapita katikati ya wavu. Wavu ukatuvuta kinyumenyume, kamba za magogo zikakatika, tukawa majini. Yeye mguu wake ulishikwa na kamba ya maboya. Nilimkamata mkono. Alikuwa hai. Mjue alikuwa hai. Boti ikasimama pale, si mbali. Tukaita. Tukaita mpaka koo likafunga. Kisha wakawasha injini. Wavu ukakatika upande wao, uzito wote ukaja kwetu, risasi zote za kuuzamisha wavu, ukamvuta chini. Mkono wake ulikuwa umeloa. Sikuweza."

"Boti gani?" mtu akauliza.

"Ya kijani."

"Bandarini za kijani ziko arobaini."

"Ya kijani ndiyo niliyoona."

Kile kipande cha wavu kilikuwa kimeganda kifuani pangu. Nikahisi fundo lake moja limebana kwenye mbavu. Kurusammal akageuka akaniona. Macho yake yalikuwa makavu. Binti yake Philomi, mtoto wa miaka sita, alikuwa ameshika pindo la sari yake.

"Shemeji, umefika," akasema. "Nani kakupa habari?"

"Hakuna."

"Basi damu ndiyo iliyokuleta."

Sikusema neno. Mara nyingi watu wameniuliza nilikosea wapi, kule majini au juu ya boti. Mimi najua ni pale mchangani, alipoyasema maneno hayo nami nikayapokea.

Siku mbili vyelezo vyote vya Arulthurai vilitafuta. Nilipiga kasia pamoja nao, mbele kabisa, na watu wakanisifu. Siku ya tatu wazee wa kanisa wakasema mkondo umegeuka, kama yupo basi yupo karibu na pwani, na vyelezo haviwezi kuona chini. Wakaamua litolewe kokoro.

Sijawahi kuona kokoro likitandazwa kimya. Siku za kawaida kuna wimbo wa kuvutia kamba, kuna matusi baina ya upande huu na ule, kuna mtu anayedai wenzake hawavuti. Siku ile mashua ilitoka, ikazunguka, ikarudi, na padri akaanza Salamu Maria, na sisi tukavuta kwa mwendo wa sala. Upande wangu tulikuwa zaidi ya thelathini. Kurusammal alishika kamba mbele yangu. Mtu alimwambia aende akakae, hakumjibu.

Lile kokoro huchukua saa nzima na zaidi kufika. Kwanza yanaonekana maboya, kisha mabawa ya wavu, kisha mfuko wenyewe, na kwa kawaida watoto hukimbilia majini kutazama. Watoto walikuwa wamefungiwa shuleni. Mfuko ulipokaribia, wazee wawili waliingia hadi kiunoni. Mmoja akaondoa kitambaa kichwani mwake, nasi tukajua.

Samaki walikuwemo pia, wengi, vibua na ngisi. Hakuna aliyewagusa. Mfuko ulifunguliwa, wakaachiwa wote warudi majini, na wale waliokufa wakazikwa mchangani.

Kwenye mguu wa kushoto wa Innasi bado kamba ya maboya ilikuwa imejizungusha. Kurusammal akapiga magoti akaifungua mwenyewe. Hakukata. Alifungua fundo moja moja, kwa kucha, na watu mia wakamngoja.

Tulimzika jioni ile ile. Kesho yake mchana, nyumba ilipopungua watu, nilimkuta Kurusammal amekaa kizingitini, miguu ameinyoosha, mikono haina kazi. Nikakaa chini, nikatoa kipande cha wavu, nikakiweka mbele yake.

Alikitazama. "Umekipata wapi?"

"Kwenye pangaboi la boti yetu. Niliukata mimi."

"Lini ulijua ni wetu?"

"Nikiwa bado chini ya maji."

"Na sauti, mlisikia?"

"Tulisikia. Wakasema ni shakwe."

"Wewe ulisema nini?"

"Mwanzo nilisema ni mtu. Kisha nikanyamaza."

Akakiokota kile kipande, akakiviringa, akakitia ndani ya blauzi. "Leo ni siku ya nne," akasema. "Umekaa nyumbani mwangu siku nne. Umekula chungu kimoja na sisi." Hakupaza sauti. "Nenda kanisani, Yagappan. Wanaume wamekusanyika. Kaseme mwenyewe kabla sijasema mimi."

Aliniita kwa jina. Tangu siku alipoolewa alikuwa akiniita shemeji.

Uwanja wa kanisa ulikuwa umejaa. Vijana walikuwa na madebe ya mafuta ya taa. Walitaka kwenda bandarini kuchoma boti za kijani zote, wasichague. Nikasimama mbele yao, nikaitaja Jeyarani, nikamtaja Thasnevis, nikajitaja mimi. Lasar ndiye aliyenifikia kwanza. Alinipiga mara mbili usoni, sikuinua mkono. Mara ya tatu mkono wake ukashindwa, akakaa chini akalia kwa sauti, mwanaume mzima.

Padri alisimama kwenye lango la uwanja, akasema atakayetoka na mafuta amkanyage yeye kwanza. Walibishana naye hadi jua likashuka. Kilichowazuia mwisho ni kwamba nusu ya wake zetu wametoka kijiji cha akina Thasnevis. Wakakubali shauri lipelekwe kwa mkuu wa wilaya, nami nitoe ushahidi. Hadi siku hiyo nililala kwenye banda la nyavu za kanisa, na chakula aliniletea mama mzee wa sakristia, ambaye aliniwekea sahani chini na kuondoka.

Shauri lilisikilizwa mwezi wa Desemba. Wenye boti walileta wakili, kijana mwenye kalamu tatu mfukoni. Mkuu wa wilaya alikuwa mtu wa bara, mwenye subira, asiyejua bahari. Ilinibidi nimweleze kila kitu: chelezo ni nini, kwa nini tunakifunga kwenye mwisho wa wavu, kwa nini wavu wa vibua unaelea na ule wa boti unakwangua, na kwa nini nyavu hizo mbili zikikutana mmoja lazima ufe. Aliniuliza, "Mbona hampishani tu, bahari ni kubwa?" Nikamwambia, mheshimiwa, bahari ni kubwa lakini samaki wako mahali pamoja.

Wakili akasimama. "Shahidi anasema aliutambua wavu. Wavu ni wavu. Uzi ni ule ule, unauzwa duka lile lile. Na shahidi mwenyewe alifukuzwa kazi."

"Sikufukuzwa," nikasema. "Niliacha."

"Kuacha, kufukuzwa. Una chuki."

Ndipo Kurusammal akainuka kutoka kwenye benchi la wanawake. Hakuwa ameitwa. Akaenda hadi mezani, akatoa kile kipande blauzini, akakilaza juu ya makaratasi ya mkuu wa wilaya. Kisha akatoa sindano yake ya mianzi na kipande cha uzi, akasuka pale pale, akiwa amesimama, fundo baada ya fundo, safu nzima.  Alipomaliza akaviweka pamoja.

"Mimi fundo langu nalipitisha kushoto," akasema. "Mama yangu alikuwa mtu wa mkono wa kushoto, ndiye aliyenifundisha. Mheshimiwa, tazama huu, tazama huu. Kisha mtafute mwingine pwani nzima anayesuka hivi."

Mkuu wa wilaya akavisogeza karibu na dirisha. Akatazama pande zote mbili.

"Na huyu," Kurusammal akaendelea, bila kunitazama, "anasema kweli. Aliniambia mwenyewe wakati angeweza kunyamaza. Siyo kwamba nampenda. Nasema anasema kweli."

Thasnevis alikuwa ameketi nyuma ya wakili wake. Alikuwa amekonda. Akasimama. Wakili akamvuta shati, naye akauondoa mkono wa wakili.

"Ilikuwa boti yangu," akasema. "Acheni kumsimamisha huyo mama."

Alipokonywa leseni. Baadaye alihamia pwani nyingine na watoto wake, sikumwona tena. Amri ikatolewa boti za kukokota zisiingie ndani ya pima ishirini wala zisitoke kabla ya jua kuchomoza, na kwa karibu miaka miwili zilitii. Kisha zikaanza kurudi, moja moja, siku za ukungu, na mambo yakawa ya mashauri tena. Sitawadanganya kwamba kifo cha Innasi kiliyamaliza.

Mimi sikuwa na mahali pa kwenda. Bandarini walinitemea mate, kijijini walinipisha njia. Nilivuta kokoro upande wowote uliopungukiwa watu, nikapewa fungu langu la samaki likiwa limewekwa pembeni. Nusu yake niliiacha mlangoni kwa Kurusammal. Aliipokea. Salamu alinijibu, zaidi ya hapo hapana.

Ulipopita mwaka wa msiba, asubuhi moja Lasar akaja kwenye banda. Alikuwa amechonga magogo mawili mapya, ameyaunganisha na yale mawili yaliyobaki.

"Amka," akasema. "Vibua wamekuja."

Nikamtazama.

"Usinitazame hivyo. Sijakusamehe. Nimejaribu na kijana Marian, anatapika. Nimejaribu na shemeji yangu, anaongea mpaka samaki wanahama. Chelezo hakiendi na mtu mmoja."

Tukatoka. Wavu ulikuwa mpya, wa vidole viwili, Kurusammal ndiye aliyeutoa. Sikuuliza kama alijua nani atauvuta. Tuliutandaza tukaufunga kwenye chelezo. Lasar alikaa mbele, mimi nyuma, tumepeana mgongo. Mara tukasikia injini mbali sana, tukasimama wote wawili kwa pamoja bila kuambizana. Ikapita. Tukakaa.

Baada ya muda Lasar akasema, bila kugeuka, "Kuna jambo sikulisema kule kwa mkuu wa wilaya."

Nikangoja.

"Boti iliposimama, mvua ilifunguka kidogo, tukamwona mtu akishuka majini. Hatukumtambua, ila tulimwona. Innasi akafurahi. Akaniambia, 'Lasar, usihangaike tena. Wametuona, wameshusha mtu.' Basi tukaacha kuhangaika na ile kamba ya mguuni. Tulikaa tu tunaelea, tunaita, tunangoja."

Nikaishika kamba ya wavu, nikaitazama. Aliniacha. Baadaye akasema, "Vuta, wavu umekuwa mzito," nasi tukavuta. Tulipata vibua wa kujaza vikapu vitatu.

Nilikwenda kwa Kurusammal mchana ule ule, kabla sijakauka chumvi. Nilikwisha kaa siku nne na siri moja, sikutaka kukaa hata siku moja na nyingine. Alikuwa anamenya muhogo. Nilimweleza yote, kama Lasar alivyoyasema, neno kwa neno. Kisu chake hakikusimama.

"Najua," akasema. "Lasar aliniambia siku ya mazishi."

"Ulijua? Hata siku ile kwa mkuu wa wilaya?"

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

Akatumbukiza kipande cha muhogo sufuriani, akachukua kingine. "Ungeweza kubeba?" akauliza. Nikafikiri, nikasema hapana.

"Basi."

Philomi akatoka ndani akasimama mlangoni, akamtazama mama yake, akanitazama mimi. Kurusammal akamwambia amletee baba yake mdogo maji ya kunawa, kwa kuwa muhogo unakaribia kuiva. Mtoto akaleta. Nikanawa, nikakaa pale kizingitini, kwa sababu ndani sikualikwa, na chakula kilipokuja nikala.

Tulivua pamoja na Lasar miaka kumi na minne, mpaka mgongo wake ulipokataa. Hakuwahi kuniambia kwamba amenisamehe, nami sikumwuliza.